Nyumba ya Likizo Mombasa: Maswali Yenu Kabla ya Desemba

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zimekuja na jambo moja tu, nyumba za kukodi kwa siku hapa Mombasa na pwani kwa jumla, manake shule zikikaribia kufungwa kila mtu ashaanza kupiga hesabu za likizo. Nafurahi mnauliza mapema, kwa sababu watu wengi wanaona picha ya bahari na picha ya bwawa wanatuma pesa, halafu mambo ya nyumba yenyewe, maji, stima, ngazi, wanakuja kuyajua wakiwa mlangoni na mabegi. Nimejibu yale ambayo yatafaa wengi.

SWALI: Salaam dada. Tuko Nakuru, tunataka kushuka Mombasa Desemba, mimi na mzee, watoto wetu watatu, dadangu na watoto wake wawili, na mamangu ambaye miguu inamsumbua. Hoteli tumepiga hesabu tukaona hapana, kwa hivyo tunatafuta nyumba tujipikie. Wengine wanatuambia Nyali, wengine Diani, wengine Mtwapa ndio bei rahisi. Tuchukue wapi na tubuku lini? *Mama Watatu, Nakuru*

JIBU: Aleikum salaam dada, na mpe mama pole zangu. Naanza na yeye kwa sababu kwa hali yako miguu ya mama ndiyo itachagua nyumba, si bei. Nyumba nyingi za kukodi Nyali na Bamburi ni fleti, na tangazo linakwambia vyumba vitatu na bahari unaiona ukiwa kwenye baraza, halikwambii kwamba hiyo baraza iko ghorofa ya tano na lifti hakuna. Uliza ghorofa ya ngapi, uliza lifti iko, halafu uliza stima ikipotea hiyo lifti inashikwa na jenereta ama inasimama. Omba na picha ya choo na bafu, sio sebule peke yake, uone kama kuna ukingo wa kuruka ndio uoge na kama vigae ni vya kuteleza. Ukipata nyumba ya chini yenye uwanja kidogo chukua hiyo hata kama iko mbali na bahari, tuktuk ziko kila kona na mama atatoka nje akitaka, badala ya kukaa juu wiki nzima akiangalia wengine wakishuka.

Sasa wapi. Kwa watu wanaokuja na watoto na wanajipikia, mimi nasema Nyali ama Bamburi. Soko la Kongowea liko hapo, mboga na matunda na nazi zote unapata, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunauita Pirates, uko Bamburi, Haller Park watoto wataona twiga na viboko, na ukitaka Fort Jesus na Mji wa Kale unavuka daraja la Nyali tu ushafika kisiwani. Diani ni kuzuri sana, mchanga wake mweupe kama unga, lakini hiyo ni kaunti ya Kwale, ukikaa kule usipange kuja mjini kila siku. Kitambo ilikuwa lazima feri ya Likoni, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa 2024, unatokea upande wa Miritini unaingia kusini bila kuona feri, wenye gari imewaokoa kweli. Kama mnachotaka ni ufuo na kulala basi Diani, ila muulize mwenye nyumba kama madirisha yana wavu, manake tumbili na nyani wa kule wanaingia jikoni mchana na wanabeba mkate na ndizi watu wakiwa hapo hapo. Mtwapa bei iko chini ni kweli, lakini karibu na barabara kubwa muziki wa klabu unaenda mpaka asubuhi, mama na watoto hawatapata usingizi. Labda upate nyumba ya ndani kabisa, mbali na barabara.

Kubuku, wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ndiyo inajaa kwanza na ndiyo bei inapanda sana, ukiitaka hiyo anza kutafuta sasa hivi usingoje mshahara wa Novemba. Lakini watoto si wanafunga shule kabla ya Desemba kuanza? Mbona msije mwisho wa Novemba ama wiki ya kwanza ya Desemba, nyumba ni ile ile, bahari ni ile ile, mvua za vuli zinaweza kuwagusa kidogo lakini si za kuharibu safari, na hapo mna nguvu ya kuongea bei. Ukikaa siku saba kwenda juu omba upunguziwe, usione haya, ni kawaida.

Kitu kingine ni saa ya kufika. Nyumba nyingi unaingia kuanzia saa nane mchana, na mabasi ya usiku yanaingia Mombasa alfajiri, kwa hivyo mna watoto watano na mgonjwa mmoja na hamna pa kukaa masaa nane. Ongea na mwenye nyumba mapema kama mtaweza kuingia asubuhi, kama usiku uliopita hakuna mgeni wengi wanakubali, ama angalau wawawekee mizigo. Mkiamua kupitia Nairobi mpande treni ya SGR, nauli ya daraja la kawaida imekuwa 1,500 tangu Januari 2024, na jueni inawashusha Miritini, sio katikati ya mji, kwa hivyo gari ya kutoka pale mpaka Nyali na watu wote hao iwe kwenye bajeti.

Na kabla ya kuchagua tarehe angalia mwezi. Sisi wa pwani tunaenda na bamvua na maji mafu. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama ni bamvua, maji yanapwa sana, hapa kwetu ni kama saa nne saa tano asubuhi, bahari inaenda mbali unabaki unatembea kwenye miamba, halafu saa kumi jioni imejaa mpaka kwenye kuta za nyumba na mchanga wa kuchezea watoto hauonekani. Katikati ya hapo, siku za maji mafu, inajaa asubuhi na haiji kwa nguvu, hizo ndizo siku tamu za kuogelea na watoto. Maji yakipwa wavalishe viatu vya plastiki, kwenye miamba kuna wale wadudu wenye miiba myeusi mirefu, mwiba ukikatikia kwenye mguu likizo ya mtoto imeisha.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Eldoret, tuko marafiki sita tunataka kuja mwisho wa mwaka. Nimepata villa Facebook iko Nyali, ina bwawa, bei ni nusu ya zile zingine zote nimeona. Mwenyewe anasema kuna watu wawili wanaitaka kwa hivyo nitume pesa yote leo kwa M-Pesa. Nikimwambia anionyeshe kwa video anasema kuna mgeni ndani. Nitume? *Kijana wa Eldoret*

JIBU: Marhaba mwanangu. Usitume. Hata shilingi moja ya kushikilia usitume, mpaka afanye haya nitakayokwambia, na mimi nadhani ukimwomba tu atapotea mwenyewe.

Wanavyofanya hawa watu ni hivi. Anachukua picha za nyumba ya kweli, mara nyingi ametoa kwenye tangazo la Airbnb ama Booking.com, anaziweka kwa ukurasa wake na bei ya chini, halafu anakukimbiza, ati kuna mwingine, ati ofa inaisha saa sita usiku. Hiyo haraka ndiyo kazi yake yote, anajua ukilala na ukaamka utafikiria. Chukua zile picha uzitafute Google kwa picha, ukiona nyumba ile ile ina jina lingine ama iko Diani ama iko nchi nyingine kabisa, umemaliza.

Ya pili, hiyo ya mgeni yuko ndani. Sawa, wageni huwa wapo, lakini wageni huondoka, na kila nyumba ina keateka ama askari wa geti. Mwambie utangoja mpaka kesho saa tano mgeni akitoka, apige simu ya video, sio video amekutumia, simu ya video mnaongea, aanzie barabarani nje, unaona geti, anaingia, anafungua mlango, anafungua mfereji wa jikoni unaona maji. Mwenye nyumba wa kweli atalalamika kidogo ati unamsumbua lakini atafanya. Mwambie pia akutumie pini ya mahali, uifungue kwenye ramani uone hapo pana nyumba kweli, na kama una mtu yeyote Mombasa, hata rafiki wa rafiki, mpe nauli ya boda aende mpaka pale getini aulize. Hiyo nauli ni ndogo sana ukilinganisha na pesa ya watu sita.

Ya tatu pesa yenyewe. Usilipe yote kabla ya kuingia. Nusu ya kushikilia, ama chini ya hapo, inayobaki ukishafika ukaona. M-Pesa inakuonyesha jina kabla pesa haijaenda, lisome polepole, kama amekwambia anaitwa hivi na jina linatokea lingine, ama anakupa sababu ati ni namba ya shemeji, acha. Till ama paybill yenye jina la biashara inatia moyo kidogo kuliko namba ya mtu, lakini yenyewe pia haitoshi, till mtu yeyote anapata. Na kama umemkuta Airbnb kisha anakwambia mtoke nje mlipane kwa M-Pesa ndio akupunguzie, kataa, kwa sababu ukilipia ndani ya Airbnb yeye hapati pesa mpaka kama siku moja baada ya wewe kuingia, hicho ndicho kinachokulinda, ukitoka nje umekiacha.

Na kama kuna mwenzenu ashatuma tayari, asikae kulia, apeleke ile meseji ya M-Pesa kwa 456 hiyo dakika, wakati mwingine pesa inawahi kuzuiwa kabla haijatolewa, halafu aende polisi aandikishe. Meseji zake na namba asifute.

SWALI: Pasaka tulikuja kutoka Nairobi tukakaa nyumba nzuri sana Shanzu lakini siku ya pili maji yakaisha, yakaja ya chumvi, sabuni haitoi povu, ya tatu hakuna kabisa. Mwenye nyumba anasema si makosa yake ni kaunti. Next time niulize nini? *Baba Twins, Nairobi*

JIBU: Pole sana, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo linaharibu likizo nyingi hapa kuliko mvua na matapeli ukiweka pamoja. Mombasa haina chanzo chake cha maji, tunaletewa kutoka mbali, Baricho kule mto Sabaki, chemchemi za Mzima Tsavo, Marere na Tiwi huko Kwale, na hayatoshi, kwa hivyo ni mgao, mtaa huu leo, ule kesho kutwa. Wenyeji tushazoea, tuna matenki, tuna visima, tunanunua kwa wale vijana wa mikokoteni ya mitungi. Lakini mgeni hajui hayo, na ni kazi ya mwenye nyumba kumwambia, sikubaliani naye anaposema si makosa yake. Mgao anaujua mwaka mzima, anapangisha nyumba kwa pesa nzuri, tenki na boza, yaani lori la maji, ni juu yake.

Uliza hivi. Maji ya mfereji yanakuja siku ngapi kwa wiki? Tenki ni lita ngapi na ni la nyumba hii peke yake ama la jengo zima? Yakikatika mnatumia kisima, na ni cha maji ya chumvi ama maji baridi, yaani yasiyo na chumvi? Pampu inapandisha maji hata stima ikipotea? Boza likihitajika nani analipa? Halafu piga hesabu mwenyewe, mtu mmoja kuoga, choo, vyombo, tuseme lita 60 kwa siku, mkiwa watu tisa ni 540, tenki la lita 1,000 halimalizi siku mbili. Akikwambia tu "maji yako, usijali", hajakujibu. Omba namba ya keateka uongee naye moja kwa moja, yeye ndiye anayewasha pampu na anayejua lini boza lilikuja mara ya mwisho, na mara nyingi atakwambia ukweli bila kuzunguka. Majibu yote yawe kwa meseji, sio kwa mdomo, ukifika ukikuta tofauti una kitu cha kushika ukidai upunguziwe.

Maji ya chumvi unaweza kuoga hayana neno, ya kunywa na kupikia nunua yale madumu makubwa dukani.

SWALI: Assalaam aleikum. Naandika kutoka Muscat, asili yetu ni Mombasa, nataka kuleta familia Idi ijayo tukae wiki mbili. Tunataka nyumba yenye bwawa ambapo mama na mabinti wanaweza kuogelea bila kuonekana. Matangazo yote yanasema bwawa la faragha lakini siamini. *Baba Salma*

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah, karibuni nyumbani. Una haki ya kutoamini, kwa sababu wengine wakisema la faragha wanamaanisha tu kwamba wageni wa nyumba nyingine hawaruhusiwi kuingia, hawasemi nani anaona. Nyali imejaa maghorofa, nyumba ina ukuta mrefu vizuri kabisa na jirani ana baraza ghorofa ya nne inatazama bwawani. Mwambie keateka asimame ukingoni mwa bwawa na simu ya video, ainue kamera juu azunguke polepole mduara mzima. Utaona mwenyewe kila dirisha na kila baraza. Afanye hivyo mchana, na ukiona jengo linajengwa jirani hiyo achana nayo, mafundi wako juu kutoka asubuhi. Uliza pia mtu wa kusafisha bwawa na mtu wa bustani wanakuja saa ngapi, mkubaliane waje saa moja asubuhi kisha basi. Kama itabidi bwawa la pamoja, uliza kwa maandishi kama buibui la kuogelea linakubaliwa, wengine wana sheria zao na ni aibu kuambiwa mtoke mkishaingia majini.

Nyumba kubwa za Kilifi, Watamu na Diani nyingi zinakuja na mpishi, chakula mnanunua nyinyi yeye anapika, na hiyo kwa familia kubwa ni raha sana, samaki unaletewa mlangoni, nguru, changu, pweza. Uliza tu kama jikoni kumewahi kupikwa visivyo halali, kama mnataka sufuria zenu waambie mapema.

Tarehe, nyinyi mnajua Idi ni mwezi, kwa hivyo usishike siku moja kamili ya kufika iliyogusana na sikukuu. Fika siku tatu nne kabla, na kubaliana kwenye maandishi kwamba mkitaka kusogeza siku moja hamtozwi. Na kwa wale mnaosafiri kwa pasi ya Oman, tangu Januari 2024 Kenya inataka eTA, kibali cha kusafiri unachoomba mtandaoni, badala ya viza, na fomu inauliza mtafikia wapi, kwa hivyo nyumba itangulie kubukiwa na mwenyewe akupe barua ama risiti yenye anwani. Uliza kama ana leseni ya TRA, ile mamlaka ya kudhibiti utalii. Nyumba za kukodi kwa siku zinatakiwa kuandikishwa huko, na mwenye leseni hatasita kukuonyesha.

SWALI: Tulikaa siku tano Bamburi. Kutoka, mwenyeji akakata dipoziti yote ati AC zimekula tokeni za stima, na pia binamu zetu wa Likoni walikuja kutusalimia keateka akawafungia geti. Ni haki? *Wa Machakos*

JIBU: Ya tokeni inategemea mliandikiana nini. Kuna nyumba stima iko ndani ya bei, kuna nyumba AC ni juu ya mgeni, na kuna nyumba wanakupa yuniti kadhaa ukizimaliza unajinunulia, zote ni sawa bora ujue kabla. Lakini kukata dipoziti yote bila hesabu si haki. AC moja ya chumba ikilala usiku mzima inakula tuseme yuniti nane, na yuniti inakaribia shilingi 30 ukiweka na kodi, kwa hivyo ni kama 240 kwa usiku, AC mbili siku tano haifiki hata 2,500. Mpigie hiyo hesabu mwandikie, mwombe picha ya mita ya siku mlioingia na mliotoka. Mkija tena pigeni mita picha siku ya kwanza, na vyombo, televisheni, ukuta wenye nyufa, kila kitu, mtumie hapo hapo, na muombe namba ya mita mnunue tokeni wenyewe kwa paybill ya KPLC, 888880.

Binamu, hapo mtamlaumu keateka bure. Mwaka 2024 ulianza na mauaji kwenye nyumba za kukodi kwa siku kule Nairobi, na tangu hapo mageti mengi yamekaza, kila anayeingia kitambulisho, idadi ni ile iliyoandikwa. Watumieni mwenyeji majina ya wageni siku moja kabla, mseme wanakuja saa ngapi na wanaondoka saa ngapi, wa mchana wengi wanaruhusu bila malipo, wa kulala wataongezewa pesa. Na kama bado anakataa hata wa mchana, si mbali, pandeni feri nyinyi muwafuate Likoni.